Paji la Drocella

Tarehe kenda mwezi wa kumi, mwaka wa 1957, siku ya Mercredi, ndiyo kusema Jumatano, njo siku mambo yote yaliharibika pale Kirolirwe.

Asubui walibomoa matofali ya mulango wa tanuru. Vyombo vya porseleni vikaanza kutoka kimoja kimoja, vyeupe, vyembamba, ukitia kidole ndani unaona kivuli chake inje. Watu wakapiga makofi. Bwana Vermote, muzungu mwenye atelier, ile nyumba ya kufinyangia vyombo, akatembea huku na huku kama bwana arusi, maana vyombo vile vilikuwa vya kwenda ku maonyesho makubwa ya Bruxelles, kule Ubelgiji, mwaka unaokuja. Kisha Viateur, mulinzi wa moto, akaenda ku shimo la udongo, kule wanakolalisha udongo mweupe chini ya magunia yenye maji ili usikauke. Akainua gunia moja. Akakuta mukono.

Ulikuwa mukono wa Thacienne, mufinyanzi wa Bihambwe, yule ambaye bila yeye hakuna Bruxelles. Toka siku ya kupanga vyombo ndani ya tanuru, siku nne nyuma, watu hawakumuona. Bwana Vermote aliwaambia amekwenda kwa mama yake mugonjwa, na watu wakaamini, maana nani atamuuliza Bwana mara ya pili?

Mbele ya saa sita kesi ilikuwa imekwisha. Infirmier, musaidizi wa muganga, alisimama ku ukingo wa shimo, kitambaa ku pua, akasema mama huyu amekufa asubui hii hii. Hakufunua hata nguo. Bwana Vermote akaapa kama alimuona Thacienne amerudi, akiwa muzima asubui ile, amesimama ku mulango wa tanuru, anagombana na Viateur. Administrateur, muzungu mukubwa wa Serikali, akatikisa kichwa mara mbili, basi. Viateur akafungwa kamba. Jumamosi angepanda camion ya Goma, na kwa kesi ya kuua muntu, kila muntu alijua kule Goma kamba ya namna gani ilikuwa inamungojea.

"Brigadier Evode," Administrateur alisema akivaa kofia yake, "utamulinda mpaka Jumamosi."

"Ndiyo, Bwana. Lakini niko naomba niangalie kidogo."

"Uangalie nini? Kesi imekwisha."

"Nitaangalia vile imekwisha, Bwana."

Administrateur alicheka. "Angalia. Camion haitakungojea."

Evode Ndagijimana, mukubwa wa askari weusi, alipiga saluti. Saluti hiyo hiyo aliipiga miaka miwili nyuma, kule Mpofi, ukingo wa mutoni ulipoanguka juu ya bibi yake wa ndoa, Drocella, akichimba udongo mweupe wa Bwana Vermote. Siku ile pia Administrateur huyu alimaliza kesi mbele ya saa sita. Alisema ni bahati mbaya. Alisema hivyo akiwa ndani ya motokari, injini inawaka.

*

Vyombo vilikuwa vimepangwa juu ya meza ndefu. Wafinyanzi watatu wa atelier, kila muntu na njia yake, na hata kipofu angewatenganisha kwa vidole. Sahani za Barthélemy zilikuwa laini, na ng'ombe wa rangi ya bleu waliochorwa vizuri kama ndani ya kitabu cha wazungu. Vyungu vya Mama Léontine wa Mpofi vilikuwa na tumbo kubwa na shingo fupi, vyungu vya zamani kabisa, ila vyeupe. Na vya Thacienne vilikuwa vichwa vya wanawake. Havikuwa na macho, havikuwa na kinywa. Vilikuwa na paji la uso tu, na katikati ya paji ule mufereji unaochimbwa na mukanda wa muzigo, mwanamuke akibeba kuni na viazi toka utoto mpaka uzee. Muzungu hakujua ule mufereji ni nini. Alisema ni "style".

Evode alichukua cha mwisho. Alikijua mara moja. Mufereji ulipinda kidogo ku upande wa kushoto, juu ya kovu dogo. Drocella aliangukiwa na jembe akiwa mutoto, na mukanda siku zote ulikwepa lile kovu. Thacienne alikuwa rafiki yake. Alimuweka ndani ya udongo uleule uliomufunika.

Evode akakigeuza chini juu.

"Wewe hapana gusa ile!" Bwana Vermote alikuja mbio. "Ile iko ya Bruxelles!"

"Nagusa kwa mukono wa Serikali, Bwana. Hii tundu ni ya nini?"

Ndani ya kitako cha chombo kulikuwa na tundu la duara, upana wa kidole kidogo.

"Moto nafanya. Porseleni iko vile, napasuka."

"Imepasuka duara?"

"Moto iko na akili yake."

Evode alipitisha kidole gumba ku ukingo wa tundu. Ulikuwa laini, unateleza, kama mudomo wa kikombe. Akaangalia meza, akachagua sahani moja ya ng'ombe, akaigonga na fimbo yake ya askari. Sahani ikavunjika vipande viwili.

"Mungu wangu! Wewe nalewa?"

"Hapana, Bwana. Niko najifunza." Evode alishika kipande, akapitisha kidole ku ukingo. Ulikwaruza kama chumvi ya mawe, na kidole kikatoka damu. "Kikivunjika kisha moto kuzimika, kinakata. Hii tundu haikati. Maji ya kioo yamefunika ukingo wake mpaka ndani."

Hayo maji ya kioo ni ule uji wa majivu na mawe yaliyosagwa, unaomwagwa juu ya chombo kibichi, na moto ukija unageuka kioo. Kama umefunika ukingo wa tundu, basi tundu lilikuwa pale mbele ya moto kuwaka, si kisha.

Bwana Vermote aliinama. Aliokota vipande vya sahani, kimoja kimoja.

"Bwana, Mercredi asubui ulimuona Thacienne kabisa? Ao ulisikia sauti tu?"

"Miye naona. Uso, macho, yote. Miye naapa mbele ya Administrateur."

"Uso wake?"

"Uso yake! Wewe iko kiziwi?"

"Hapana, Bwana," Evode alisema. "Nilitaka useme mara mbili."

*

Drocella alikuwa muntu wa Mpofi, na Evode alijua desturi ya kule. Mufinyanzi akikufa, vyombo vyake vinatobolewa ku kitako ili asirudi kutafuta kazi yake. Chombo cha marehemu hakilali kizima ndani ya nyumba. Waliotoboa mutungi wa Drocella walikuwa shangazi zake, na Evode aliusikia ule mulio.

Basi aliyetoboa alijua Thacienne amekufa, na alijua mbele ya moto kuwaka. Na ku atelier muntu wa Mpofi alikuwa mumoja tu, Mama Léontine. Na Mama Léontine, siku ileile ya Mercredi, maiti haijaoshwa, alipanda camion ya udongo akarudi kwao.

Alhamisi Evode alimuachia askari mwingine kazi ya kulinda Viateur, akapanda camion ileile. Alikifunga kile chombo ndani ya koti lake la mvua, akakipakata mapajani kama mutoto, toka milima ya ng'ombe mpaka ndani ya pori.

Mama Léontine alikuwa amekaa kivulini mwa paa lake, miguu amenyoosha, anazungusha kamba ya udongo juu ya kamba ingine. Hakutumia gurudumu la kufinyangia la muzungu. Alisema chombo kinachozunguka kama mulevi hakiwezi kukaa vizuri.

"Shemeji," alisema bila kuinua macho, "umekuja kunifunga ao kula? Nijue nipike ndizi ngapi."

"Itategemea majibu, Mama."

"Basi nitapika kidogo."

Evode alifungua koti, akaweka chombo mbele yake. Mama Léontine aliona paji. Aliacha udongo. Akapangusa mikono pole pole ku kitenge.

"Thacienne aliniambia anamufanya," alisema. "Sikujua amemaliza."

"Juu ya nini ulikimbia, Mama?"

"Nimekimbia nini? Nyumbani kwangu iko na vyungu vyake vitatu, alinipa zawadi. Nilikuja kuvitoboa. Angalia kule."

Vilikuwa vimelala kando ya mulango, kitako juu. Evode aliinuka akapitisha kidole ku matundu. Yote yalikwaruza.

"Na hiki? Si wewe?"

Mama Léontine alitia kidole ndani ya tundu laini. Akakitoa haraka kama aliyeguswa na siafu.

"Hiki kilitobolewa kibichi."

"Nani anatoboa kibichi?"

"Hakuna. Udongo mubichi si chombo bado, hakuna maana." Akachungulia tundu tena. "Ila kama uko unakipeleka ku moto. Sikiliza, shemeji. Chombo cha aliyekufa hakiingii moto kikiwa kizima. Moto utaomba na yule aliyekiingiza. Hata mutoto wa hapa anajua."

"Basi aliyetoboa ni yule aliyepanga vyombo ndani ya tanuru."

"Miye sikusema."

"Ni Barthélemy alipanga. Wewe ulikuwa unasaga mawe, na Viateur alikuwa Bihambwe kwa kukata kuni. Lakini Barthélemy si muntu wa kwenu."

Mama Léontine alicheka, kicheko kikavu. "Musieu Barthélemy! Mwenye carte ya évolué, ile karatasi ya kusema yeye ni kama muzungu, mwenye kula na uma! Mama yake alizaliwa nyuma ya nyumba hii. Mpaka anapoteza meno ya utoto alikuwa anakimbia hapa matako wazi. Alienda ku masomo ya Mapadri, akatusahau. Sisi hatukumusahau."

Alichukua chombo, akakiinamisha ku mwangaza, akapitisha kiganja ku mabega yake.

"Leta mukono. Unasikia?"

Evode alisikia. Mabonde madogo, manne upande mumoja, moja upande mwingine. Macho hayakuyaona, vidole viliyaona.

"Maji ya kioo yakimwagwa, chombo kinalegea," Mama Léontine alisema. "Yule alikishika kwa nguvu akitoboa. Kisha akasawazisha, akafikiri imekwisha. Udongo mweusi unasamehe. Huu mweupe hausamehe hata kidogo. Ukiupinda ukaunyoosha, unanyamaza. Ukifika ndani ya moto unarudia vile ulipindwa."

Evode aliweka vidole vyake ndani ya mabonde. Mukono wa kushoto haukuingia. Wa kuume uliingia.

"Alishika na wa kuume. Basi alitoboa na wa kushoto."

Mama Léontine alirudi ku udongo wake. "Ng'ombe wa bleu," alisema, "wanachorwa na mukono gani?"

Alipokula ndizi, Evode aliuliza neno la mwisho. "Thacienne aligombana na nani?"

"Alikuwa anatia alama ya kidole gumba chini ya kila kazi yake. Bwana Vermote alikuwa anaikwaruza, anaandika jina lake yeye. Siku moja mbele ya kupanga tanuru Thacienne alimuambia mbele yangu: Bwana, ukikwaruza tena nitaenda kwa Administrateur. Bwana alicheka. Akasema, nenda, tunakula naye kila Dimanche kisha misa."

*

Kesho yake, siku ya Vendredi, jua likiwa bado juu, Barthélemy alikuwa peke yake ndani ya atelier, anamaliza pembe ya ng'ombe. Shati jeupe, kalamu mufukoni, burashi ndani ya mukono wa kushoto.

"Brigadier! Umerudi toka kwa washenzi?" alisema. "Walikuuzia dawa ya mapenzi? Mujane kama wewe anaihitaji."

"Walikusalimia, Musieu. Wanauliza kama meno yako yalimea vizuri."

Burashi ikasimama.

Evode aliweka juu ya meza chombo kibichi, kilichokauka nusu, chenye paji la mwanamuke. Alikitoa ku rafu ya Thacienne.

"Hiki ni kazi ya Thacienne, hakijapikwa bado. Ndani ya tanuru dogo kuna makaa. Kiingize."

"Miye si mulinzi wa moto."

"Si wewe unapanga tanuru siku zote? Kiingize tu. Nitakusaidia mulango."

"Kimepasuka. Hakifai."

"Wapi?" Evode alikizungusha. "Kizima kabisa. Kuna nini, Musieu? Mambo ya washenzi hayo, wewe unakula na uma."

Barthélemy alinyoosha mukono, ukafika nusu ya njia, ukarudi. Jasho lilikuwa limemutoka juu ya mudomo.

"Brigadier, kitoboe kwanza."

"Nimesikia vibaya."

"Kitoboe kwanza!" alilia. "Unataka nife?"

Evode alifungua koti la mvua. Akaweka chombo cha Drocella kando ya kile kibichi, akashika mukono wa kuume wa Barthélemy, akaubandika ku bega la chombo. Vidole viliingia ndani ya mabonde, kimoja kimoja, kama muntu anayevaa kiatu chake mwenyewe.

"Sikumuua," Barthélemy alisema.

"Nilikuuliza?"

"Sikumuua! Nilienda ku shimo kuchota udongo wa kuziba mulango wa tanuru. Nikaona mukono wake chini ya gunia. Bwana Vermote alikuwa amesimama pale, viatu vyake vyote udongo mweupe. Aliniambia, ziba tanuru, ziba na kinywa, jina lako litaenda Bruxelles. Nilirudi. Chombo hiki njo kilibaki cha mwisho. Nilikuwa nimekwisha kukimwagia maji ya kioo." Alikuwa anaangalia mukono wake pale ulipobandikwa. "Sikuweza kukiingiza kizima. Nilijaribu. Mukono ulikataa."

"Mbele ya moto kuwaka?"

"Mbele ya moto."

"Viateur alikuwa wapi?"

"Bado Bihambwe. Alifika mulango umezibwa, akawasha tu."

"Na ungemuacha anyongwe?"

Barthélemy aligeuka akaangalia ng'ombe wake wa bleu.

"Kesho utasema haya mbele ya watu," Evode alisema. "Ukikataa, nitakipika hiki kibichi kikiwa kizima, na nitauambia moto kama ni wewe umekiingiza."

*

Jumamosi camion ilikuwa inanguruma mbele ya atelier. Viateur alikuwa juu, amefungwa ku chuma, na bibi yake Verdiane ameshika gurudumu kwa mikono yote miwili kama vile angeweza kulizuia. Watu wa Kirolirwe walijaa ku njia. Kutoka Bihambwe walikuja ndugu wa Thacienne, wamenyoa vichwa. Administrateur na Bwana Vermote walikuwa wamekaa ku baraza, wanakunywa kahawa.

Evode alipanda ngazi, chombo mikononi. Barthélemy alikuwa nyuma yake.

"Bwana Administrateur, nimeangalia vile kesi imekwisha."

"Na?"

"Haijaanza."

Administrateur aliangalia saa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusogea, wakafunga njia ya camion kwa miili yao, na dereva akazima injini bila kuambiwa. Evode aliinua chombo, akaonyesha tundu, akaita kaka mukubwa wa Thacienne apitishe kidole. Akamupa na kipande cha sahani, apitishe kidole tena. Yule kaka akainua kidole chenye damu, watu wote wakaona.

"Barthélemy," Evode alisema. "Weka mukono."

Barthélemy aliweka mukono. Vidole vikaingia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, lakini Kirolirwe nzima ilisikia: kama ni yeye alikitoboa, kama alikitoboa mbele ya moto kuwaka, na kama Thacienne siku ile alikuwa amekwisha kulala ndani ya shimo. Alisema na habari ya viatu.

Kule juu ya camion Viateur alianza kulia kama mutoto. Verdiane aliachilia gurudumu, akakaa chini palepale.

"Mambo ya bule!" Bwana Vermote alisimama, kikombe kikaanguka. "Mambo ya washenzi! Tundu! Kidole!"

"Keti, Bwana," Evode alisema.

Hakuna askari mweusi aliyewahi kumuambia muzungu neno hilo ku baraza ile. Hata Administrateur alisahau kukasirika. Na Bwana Vermote, bila kujua vile imetokea, akaketi.

Evode aliinua chombo juu, mbele ya jua. Mwangaza ukapita ndani ya porseleni, na paji likaonekana lote, mufereji, kovu, na ile njia mukanda ulikokwepa. Wanawake wa mbele wakamutambua. Jina la Drocella likaanza kupita kinywani mwa watu, kutoka ku mumoja mpaka ku mwingine, mpaka mwisho wa njia. Administrateur alilisikia pia. Akaweka kikombe chake chini.

"Bwana Vermote," Evode alisema, "wewe uliapa mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya huyu Bwana, mara ya pili mbele yangu. Thacienne alikufa mbele ya moto kuwaka. Moto umewaka, umezimika, tanuru limepoa, yeye yuko chini ya magunia. Basi utuambie, watu wote wako wanasikia: Mercredi asubui, ku mulango wa tanuru, uliona uso wa nani?"